Fasi Niliyoiuza Mara Mbili

Riziki, mwanangu,

Wewe na mama yako mumekwenda kwa pasteur kuombewa safari ya kesho, na mimi nimesema ninabaki kwa sababu ya mgongo. Mgongo hauniumi. Nimebaki ili nikuandikie kabla hamjarudi, maana nikikutazama usoni sitaweza.

Mambo ya siku zote mama yako ameshakwambia: chumba, chakula, marafiki wa kuwaogopa, ibada ya kutafuta karibu na pale utakapolala. Anajua kuyasema kuliko mimi. Mimi nina jambo moja tu, na nimelikalia miaka sita.

Siku ile ulipopigiwa simu kwamba umepata kazi Mbarara, kazi ya kuandikia magari tiketi za parking, ulinikimbilia shambani na kandambili mkononi. Ulisema, "Papa, na barabara yenyewe ni ile yako!" Nikaendelea kupalilia maharage. Ukasimama kidogo, ukauliza, "Haufurahi?" Nikasema nimechoshwa na jua.

Haikuwa jua, mama, binti yangu. Wiki ijayo utasimama pale niliposimama mimi, na bado kuna watu wanaokumbuka. Kuna wapagazi, kuna mwanamke mmoja anayeuza chapati pale. Siku moja mmoja wao atakutazama vizuri, ataona sura yangu usoni mwako, na atakusimulia. Afadhali ulisikie kwangu, ingawa mimi ndiye ninayeweza kulipamba. Nitajaribu nisilipambe.

Tulipofika hapa Juru, kambini, ulikuwa unabebwa mgongoni. Tulikuwa tumekimbia vita kwetu Fizi na sufuria moja, na hata hiyo ilitoboka njiani. Mtu wa kwanza kutufungulia mlango alikuwa Mama Wivine. Unamkumbuka akiwa mjane mnene mwenye kicheko, lakini wakati ule alikuwa mwembamba kama sisi, mume wake amezikwa hata mwaka haujaisha. Alitugawia nusu ya unga wake wa muhogo. Hakusema tutarudisha, na hatukurudisha. Wewe na Wivine wake mlilala mkeka mmoja mpaka tulipopewa kiwanja chetu. Ninaanza na hilo kwa sababu yote yanayofuata nilimfanyia mtu huyo, si mtu mwingine.

Shamba la Juru lilitulisha miaka ya mvua. Mvua ilipokataa, nikaenda Mbarara kubeba mizigo katika ile barabara ya maduka ya jumla. Nilibeba simenti na mabati kwa tajiri mmoja mwenye duka kubwa, Munyankore, mwenyeji wa kule, mtu wa maneno machache. Kila asubuhi alifika na gari lake, akaliegesha mbele ya mlango wake mwenyewe, na likalala pale mpaka jioni. Jirani yake vivyo hivyo, na wa tatu vivyo hivyo. Halafu wote walisimama milangoni wakilalamika kwamba wateja wamepungua, hawapati pa kusimamisha gari. Sikucheka. Niliona ni desturi ya mji.

Siku moja nikiwa nimeketi juu ya jerikani, niliona pickup nyekundu ikipita mbele yangu mara ya nne. Barabara ilikuwa imeziba, magari yanatambaa, honi juu ya honi. Nikamwuliza dereva dirishani, "Mzee, umepotea?"

"Mimi napotea? Mimi natafuta parking, ssebo. Nataka nunua jembe moja tu."

Maneno yale yalinifungua macho. Nilikuwa nimedhani kwamba magari yote yale yana safari. Kumbe mengi yalikuwa yameshafika. Yalikuwa yanazunguka tu yakitafuta fasi ya kusimama, na kule kuzunguka kwao ndiyo jam yenyewe. Na fasi hazikuwapo kwa sababu zilikuwa za bure, na mtu akishapata kitu cha bure hakiachi kabla ya jua kuzama. Nikasimama, nikaondoa jerikani yangu na mifuko mitupu niliyoiweka ukingoni, nikamwashiria aingie. Alinunua jembe lake. Alipotoka alinipa elfu moja bila kuombwa.

Jioni ile nilinunua sukari. Utakuwa huikumbuki, ulikuwa mdogo, lakini mama yako aliimba.

Basi nikaacha kubeba simenti. Nikatafuta mawe na jerikani nyingine. Nilikuwa ninafika alfajiri kabla ya matajiri, nikashika fasi mbili, kisha nne. Barabara ile si ya baba yangu. Mimi mkimbizi, hata kile kiwanja cha Juru si changu, lakini niliuza barabara ya watu kwa watu wenyewe, na hakuna aliyeniuliza kibali. Matajiri walinipenda, maana malori yao ya Fuso yalikuta fasi. Wake wa wanajeshi wa kambi ya Makenke walinipenda, maana tulisikilizana Kiswahili. Waliniita "Mzee wa Parking". Nilikuwa na miaka thelathini na nne.

Hapa ndipo nataka unisikilize, kwa sababu hili jambo halikuja siku moja. Mwanzoni nilisaidia watu kweli. Kisha nikagundua kwamba nikiiachia fasi haraka ninapata elfu moja, lakini nikiishika tupu huku magari yanazunguka, yule dereva wa tatu au wa nne, mwenye jasho, aliyechelewa, atatoa elfu mbili. Kwa hiyo nikaanza kungoja. Barabara imeziba, watu wanatukanana, na mimi nimekaa juu ya jerikani katikati ya fasi nne tupu. Wengine Juru walilima maharage. Mimi nililima jam. Kadiri ilivyokuwa mbaya, ndivyo nilivyovuna.

Siku moja alipita jirani yetu mmoja wa Juru na nyanya za watu sita ndani ya pickup ya kukodi. Alikosa pa kushushia. Akaniona, akainua mkono kwa furaha. Nilitazama upande mwingine, kwa sababu nilijua ataomba bure. Akaenda kushushia mbali, akalipa mikokoteni, na nyanya za chini zilikuwa zimeshapondeka. Jumapili tulikaa benchi moja kanisani. Hakusema kitu, na mimi nilifurahi kwamba hakusema.

Mama Wivine alianza kuja Mbarara mwaka uliofuata. Aliuza nguo za watoto za mitumba, akitandika turubai ukingoni mwa barabara, pale mbele ya duka la tajiri wangu. Turubai lake lilikuwa na urefu wa gari dogo. Miezi ya kwanza nilimwacha. Lakini kila nilipolitazama niliona gari ambalo halipo. Nikamwambia asogee.

Alicheka, akadhani ninatania. Akanionyesha gari la tajiri. "Papa Riziki, ile motokari inalala pale tangu asubuhi. Inauzisha nini?"

"Ni ya mwenye duka."

"Miye niko na batoto ya batu kumi na mbili benye nimebavalisha leo. Unanifukuza juu ya motokari yenye haina mutu ndani?"

Nikamwambia kama anataka kukaa, alipe kama gari. Alinitazama muda mrefu, akitafuta yule mtu ambaye yeye alimgawia unga. Kisha akafungua kitambaa chake kiunoni. Tangu siku ile alinilipa kila asubuhi, na hakutania tena na mimi. Mama yako hakujua. Alikuwa anashangaa kwa nini Mama Wivine hapiti tena nyumbani kwetu kunywa chai.

Shule zilikuwa karibu kufunguliwa. Wewe ulikuwa unaingia mwaka wa kwanza wa sekondari, Wivine naye vilevile. Asubuhi ile Mama Wivine alikuja na mizigo miwili ya sare na sweta. Akanipa elfu mbili, akasema, "Niachilie fasi hii mpaka saa sita. Leo banunuzi ni mingi."

Nikasema, "Mpaka saa sita ni yako."

Hata nusu saa haikupita, tajiri akaniita mlangoni. "Wewe Mukongo. Fuso ya mabati nakuja leo. Saa nane. Mtu hapana weka kitu hapa, sawa?" Akanipa elfu tano. Nikasema sawa. Niliona hakuna tatizo: mmoja mpaka saa sita, mwingine saa nane. Nilijiona mjanja, Riziki. Nilikuwa nimeuza fasi moja mara mbili na katikati zilibaki saa mbili za kumuuzia mtu wa tatu.

Fuso ilifika saa tano.

Barabara ilikuwa imejaa kama siku zote za kufungua shule. Fuso ilisimama katikati, haiwezi kwenda mbele wala nyuma, na magari yote nyuma yake yakaanza honi. Tajiri alitoka mlangoni, akanitazama. Nikamkimbilia Mama Wivine.

"Toka, toka. Fuso imefika."

"Umeniambia saa sita."

"Nakwambia toka!"

"Papa Riziki, nimekulipa."

Alisema kwa sauti ndogo, si ya ugomvi. Nikashika pembe ya turubai nikaivuta mwenyewe, na nguo zikamwagika. Akapiga magoti kuzikusanya. Alibeba mzigo mmoja akaupeleka ukutani. Mimi nikafikiri amemaliza. Hapana, nitasema sawasawa: sikufikiri. Nilikuwa nimeshamgeuzia mgongo, nimeinua mkono, ninamwita dereva arudi kinyumenyume. "Njoo. Njoo. Njoo." Wakati uleule gari jeupe la mteja wangu mwingine lilitaka kuingia katika fasi yangu ya mbele, na huyo hakuwa amelipa. Nikamzuia kwa mkono wa kushoto, nikimtazama yeye, nikimkemea, na mkono wa kulia ukaendelea peke yake kumwita Fuso. Njoo, njoo.

Mama Wivine alikuwa amerudi kuchukua mzigo wa pili.

Sikumwona. Nilisikia wapagazi wakipiga kelele, na dereva akasimama, lakini alikuwa ameshachelewa.

Tulimpakia kwenye pickup ya mtu. Alikuwa bado anapumua, macho wazi. Na pickup haikuweza kutoka. Kushoto magari yameegeshwa, kulia magari yameegeshwa, katikati Fuso, nyuma yake wale wote waliokuwa wanazunguka. Nilikimbia mbele nikipiga boneti za watu kwa mikono, nikipiga mateke mawe yangu na jerikani zangu mwenyewe ili njia ipatikane. Niliwalilia watu waondoe magari, na wenye magari hawakuwamo ndani. Hospitali si mbali na pale. Kwa miguu mtu anafika haraka. Sisi tulikaa katika ile barabara mpaka macho yake yakabadilika.

Alikufa mchana ule. Ulikuwa nyumbani, unajaribu sare yako.

Askari waliuliza nilikuwa ninafanya nini pale. Nilisema, "Nilikuwa nimesimama tu. Nilimwambia mama huyu atoke, akakataa." Dereva alilia, akasema kulikuwa na mtu anamwita kwa mkono, lakini kwenye kioo hakuona sura. Hakuna aliyeninyoshea kidole. Wapagazi walikula kwa sababu ya matajiri, na matajiri walinihitaji. Dereva akachukuliwa. Alikaa ndani muda, kazi ikamwisha. Sijui jina lake. Nimewahi kufikiri kumtafuta, nikaacha.

Na maneno yale, "nilimwambia atoke, akakataa", yalifika Juru kabla ya mwili. Ukumbuke mazishi. Kila mwanamke aliyelia alisema vilevile: mama wa watu, lakini alikuwa mbishi, kwa nini hakutoka tu? Mimi nilitoa gunia la unga wa mahindi, na watu wakasema Papa Riziki ana moyo. Wivine alikuwa amekaa chini karibu na miguu yangu. Hakulia. Alikuwa akiuliza kila aliyempa mkono, "Juu ya nini hakutoka?" Aliniuliza na mimi. Nilimwambia, "Mapenzi ya Mungu, mwanangu."

Wewe uliingia sekondari. Wivine alichukua jembe. Karo yako ya miaka miwili iliyofuata ilitoka palepale, kwa maana nilirudi, Riziki. Baada ya wiki moja nilirudi kushika mawe yangu. Ninaandika hili ili usije ukadhani nilivunjika. Kuvunjika kulikuja baadaye, polepole, na hakukumsaidia mtu. Kisha mji ukaleta kampuni, wakapiga rangi mistari barabarani, wakaajiri vijana wa kuandika tiketi, na sisi wa mawe tukafukuzwa. Nikarudi Juru kulima. Mlisema papa amekuwa mkimya kwa sababu ya kukosa kazi. Niliwaacha mseme.

Mwezi uliopita, ulipokuwa umeshapeleka barua yako ya kuomba kazi, nilikwenda Mbarara nikaitazama barabara ile. Nitakwambia nilichoona, kwa sababu ndiyo kazi yako sasa. Inapita. Si vizuri sana, lakini inapita. Tajiri ameacha kulaza gari lake mlangoni, maana sasa kila saa ina bei. Mtu wa jembe anapata fasi, ananunua, anaondoka. Kitu ambacho mimi nilikiuza kwa hila kinauzwa kwa tiketi, na kinamsaidia kila mtu mwenye gari. Nilisimama pale nikafikiri, kama mistari hii ingekuwapo miaka sita iliyopita, angekuwa hai.

Halafu nikatafuta wanawake wa turubai. Hawapo. Hakuna mstari uliopigwa kwa ajili yao, hata mfupi. Nikamwuliza mwanamke wa chapati wamekwenda wapi. Akasema, "Wanafukuzwa tu, leo huku, kesho kule." Kwa hiyo sikuweza hata kujifariji kwa lile la kwanza. Pengine angekuwa hai, akifukuzwa.

Watakuja kwako. Watakuwa na watoto mgongoni na watakusalimia kwa lugha yetu, na utakuwa na jaketi la watu na kitabu cha watu. Sijui utafanya nini. Nimetafuta neno la kukupa, la mzazi, na sikulipata. Ninachojua ni hiki tu: siku niliyochukua pesa yake ya kwanza nilijua kwamba ninakosa, na siku ya pili nilijua kidogo, na siku ya kumi sikujua tena. Usingoje siku ya kumi ndipo ujiulize.

Sikuombi unisamehe. Utakaposoma haya utakumbuka madaftari yako, viatu vyeusi, mtihani uliofaulu, na kila kimoja kitakuwa na uchungu, na mimi ndiye niliyekitia. Kama hutapenda kurudi Juru nitaelewa. Mama yako nitamwambia kesho, ukishapanda gari pale stendi ya Rwekubo. Ananiheshimu sana. Hilo nalo litakwisha.

Bado kitu kimoja, cha leo asubuhi. Nilikwenda kwa Wivine. Niliona siwezi kukwambia wewe kabla yake. Alikuwa anapepeta maharage uani, mtoto wake analala kando. Nilimwambia yote kwa kusimama, hakunikaribisha kiti. Aliendelea kupepeta mpaka nilipofika kwenye elfu mbili. Hapo akauweka ungo chini.

"Alikulipa?"

"Alinilipa."

"Mpaka saa ngapi?"

"Mpaka saa sita."

"Na Fuso ilikuja?"

"Saa tano."

Kuku walikuja wakaanza kula maharage kwenye ungo, hakuwafukuza. "Basi fasi ilikuwa yake," akasema.

"Ilikuwa yake."

"Utayasema hayo mbele ya batu benye balimuzika?"

Nikasema nitasema Jumapili, kanisani. Akatikisa kichwa, si kwa kunishukuru. Nikageuka niondoke. Ndipo akasema, na sidhani alikuwa anasema na mimi:

"Miaka sita nimemukasirikia. Nilisema ni ubishi ndiyo ulimufanya aniache. Hata kaburi yake sijawahi kuipalilia."

Akamwinua mtoto akamfunga mgongoni. Akachukua jembe lililokuwa ukutani, akanipita bila kunigusa, akashika njia ya makaburini. Sikumfuata.

Papa yako